Mfuko wa Mizigo Nao ni Chombo cha Kazi



Katika mashamba ya chai na miwa, trekta halifiki kila mahali. Dawa, mbolea, vipuri na zana hupelekwa kwa pikipiki, na mahali pengine kwa mashine zile za magurudumu manne ambazo hupandwa na kuongozwa kama pikipiki, zikapita penye matope na miteremko. Mashine yenyewe waajiri huichagua kwa makini. Mfuko wa kufunga kwenye keria hununuliwa mwisho, kwa fedha iliyosalia, na mtu wa ofisini ambaye hatapanda mashine hiyo hata siku moja. Ukipasuka na spana zikadondoka njiani, anayeitwa kujieleza ni dereva, na mwisho wa mwezi hukuta makato katika mshahara wake.

Sisi tunasema jambo hili si dogo. Mkataba wa ILO Na. 155 wa mwaka 1981, kifungu cha 21, unasema kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Mfuko unaoshika mzigo usiyumbe mteremkoni ni hatua ya usalama sawa na breki.

Kwanza tuzungumze juu ya ukubwa, maana hapa ndipo wengi hudanganyika. Mfuko mkubwa huonekana kuwa zawadi, kumbe ni mtego. Pakiwa na nafasi nyapara ataijaza. Maji ya lita 20 yana uzito wa kilo 20. Jerikeni mbili za dawa iliyochanganywa ni kilo 40 na zaidi, na zisipojaa, maji hucheza upande hadi upande na kuivuta mashine kwenye kona. Mzigo ukipanda juu, mashine hupinduka upesi. Australia, ambako mashine hizi hutumika sana mashambani, watu wengi wamekufa, na wengi kati yao ni kwa kupinduliwa. Serikali ya huko ilitoa kanuni mwaka 2019: kuanzia Oktoba 2020 kila mashine mpya iuzwe ikiwa na kibandiko cha kuonya juu ya kupinduka, na kuanzia Oktoba 2021 zile za kazi za shamba ziwe na fremu ya kumkinga dereva. Kwa hiyo soma maandishi ya kiwandani yanayotaja uzito wa kila keria. Kwa kawaida ya mbele hubeba kidogo kuliko ya nyuma. Mfuko uwe mpana na mfupi, wa kubeba uzito huo na si zaidi.

Kuhusu kitambaa, rangi na nembo havibebi mzigo. Turubai la pamba ni gumu, lakini likikunjwa bichi stoo litaota ukungu na kuoza. Mfuko uliofumwa kwa plastiki ya magunia ya mbolea, yaani polipropilini, huliwa na jua hadi ukamumunyika mkononi, na plastiki hiyo huyeyuka kwenye joto la nyuzi 160 na ushei, basi usiuweke karibu na bomba la moshi. Nailoni hustahimili kukwaruzwa, ila ikilowa hulegea kidogo. Poliesta nzito iliyopakwa plastiki, kama turubai la lori, ndiyo tunayoipendelea: haivuti maji, na jua huivumilia kuliko nailoni. Muuzaji akitaja denia, ajue na mnunuzi kwamba ni uzito wa uzi kwa gramu katika mita 9,000. Denia 1,000 ni uzi mnene kuliko denia 600, lakini namba hiyo haisemi lolote juu ya mshono.

Na mfuko hufia kwenye mshono. Geuza ndani nje, uangalie. Uzi uwe wa poliesta au nailoni, usiwe wa pamba. Mkanda usishonwe kwenye ukingo tu, upite chini ya mfuko mzima ili uzito ukae juu ya mkanda. Kitako kiwe cha tabaka mbili. Zipu huzibwa na matope; afadhali mdomo wa kukunja na bizimu. Mfuko ufungwe pembe nne, na ncha za mikanda zifichwe zisije zikaingia gurudumuni. Dawa ya kunyunyizia iwe na mfuko wake wenye alama, na chakula kisiwekwe humo kamwe, hata ukioshwa.

Tutaambiwa kwamba mfuko wa namna hiyo ni ghali. Si lazima utoke ng'ambo. Fundi mwenye cherehani ya kushonea viti vya magari aweza kuushona kwa turubai la lori lililo zima bado, na ukichanika atauziba yeye mwenyewe. Mfuko wa bei ya chini unaonunuliwa mara tatu kwa mwaka ndio ghali, hata kabla ya kuhesabu mbolea iliyomwagika.

Tunaomba kamati za matawi zilipeleke jambo hili katika mkutano ujao na uongozi wa shamba: kabla ya hati ya ununuzi kutiwa sahihi, uletwe mfuko mmoja wa mfano, ufungwe kwenye mashine, utumike wiki mbili za mvua, na madereva wenyewe waandike walichokiona.