Tusisingizie Wazungu: Kanseri na Mahindi ya Kuvu



Kila penye matanga, Masisi kama Walikale, tunasikia maneno yale yale: kanseri ni ugonjwa wa Wazungu, imeletwa na sukari na vyakula vya makopo; anayekula chakula cha wazee iko salama. Sisi walimu tunakataa.

Hatukatai yote. Maharagi, sombe na mboga zetu ni chakula kizuri. Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi miaka mingi Uganda, alifundisha katika miaka ya 1970 kwamba chakula chenye nyuzinyuzi kinakinga utumbo na kanseri. Hapo wazee walishinda.

Lakini ini je? Mahindi na karanga zikiwekwa na unyevu zinaota kuvu yenye sumu, aflatoksini. Sumu hiyo ilijulikana kisha bata mzinga zaidi ya 100 000 kufa Uingereza mwaka 1960, sababu ya karanga mbovu. Mwaka 2004, mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 Kenya. Hao walikula nyingi kwa muda mfupi. Anayekula kidogo kidogo miaka mingi anajitafutia kanseri ya ini, zaidi sana kama tayari iko na homa ya ini ya aina B. Na kupika hakumalizi sumu.

Sasa, kwetu mahindi yakiota kuvu nani anayatupa? Tunayatia katika mandale na kanyanga, mengine tunapatia ng'ombe, kumbe sumu inapita mpaka katika maziwa. Tena pombe yenyewe, hata ya mahindi mazuri, inaleta kanseri ya umio na ya ini. Halafu tunasema ni desturi!

Desturi ya kweli ni hii: wazee walitundika mahindi juu ya moto mpaka yakauke. Vita ilituvunjia hiyo. Mtu anavuna mabichi kwa kuogopa kuporwa, anafunga gunia, anakimbia. Tunaelewa. Lakini vita haikutukataza kuchambua.

Tuanike juu ya shitingi, si juu ya udongo. Punje ya kuvu itupwe, isipewe mtu wala mnyama. Watoto wapelekwe kwenye chanjo, inayokinga pia homa ya ini B.

Mama mwenye njaa atauliza: "Mwalimu, nikitupa, nitakula nini?" Ni swali la haki. Basi wanaonunua mavuno yetu walipe zaidi mahindi makavu, na sisi tuache kusifu chungu bila kuangalia kilichomo.