Pushapu 50 si Taekwondo

Nilianguka mtihani wa mkanda wa njano kwa sababu ya pushapu 13. Zilihitajika 50. Nikapiga 37, mikono ikagoma, kifua kikalala kwenye simiti. Kabla ya hapo nilikuwa nimecheza Taegeuk Il Jang mwanzo hadi mwisho bila kukosea geuko hata moja, na teke langu la mbele lilifika kifuani pa mwenzangu likarudi bila kumgusa, vile tulivyofundishwa. Hayo hayakuulizwa. Aliyeshika karatasi alipiga mstari kwenye jina langu akasema, "Mwili wako bado. Rudi baada ya miezi mitatu." Ada ya mtihani ilibaki kwao.

Mtasema nina kinyongo. Ninacho, tena kikubwa. Lakini sikilizeni kilichofuata. Miezi mitatu nilipiga pushapu asubuhi, mchana na usiku, hadi roommate wangu akaanza kunihesabia akiwa usingizini. Nikarudi, nikapiga 52, nikafungwa mkanda wa njano. Siku hiyo poomsae yangu ilikuwa mbovu kuliko ile ya kwanza. Miguu ilisimama ovyo, mikono ya kujikinga ilikuwa chini ya kidevu, na teke langu lilitoka kama la mtu anayefukuza kuku. Nikapita! Yaani nilipokuwa najua taekwondo nilianguka, na nilipoisahau nikapewa mkanda. Hebu mtu anieleze hapo tulikuwa tunapima nini.

Maana Wakorea wenyewe hawapimi hivyo. Kukkiwon, makao makuu ya mchezo huu yaliyofunguliwa Seoul mwaka 1972, ndiyo hutoa vyeti vya mkanda mweusi vinavyotambulika duniani kote. Mtihani wake wa dani umesimama juu ya mambo kama poomsae, kupigana, na kuvunja mbao. Mwili unapimwa humo humo ndani. Ukikosa nguvu ya mguu, ubao hautavunjika. Ukikosa pumzi, mwenzako atakumaliza. Ukikosa usawa, poomsae itakuumbua mbele ya watu. Kule Korea dojang nyingi hujaa watoto wa shule ya msingi, wanaletwa na matatu ndogo za klabu baada ya masomo, na watoto hao wanafika kiwango cha poom, ambacho ndicho mkanda mweusi wa walio chini ya miaka 15. Sidhani kuna anayemwambia mtoto wa miaka minane kwamba bila pushapu 50 hajui taekwondo.

Basi hii kitu ilitoka wapi? Kambini. Jina lenyewe "taekwondo" lilichaguliwa mwaka 1955, na aliyelisukuma zaidi, Choi Hong Hi, alikuwa jenerali wa jeshi la Korea Kusini. Wanajeshi walifundishwa mchezo huu kwa wingi, na walimu wengi waliousambaza duniani walikuwa wamepitia jeshini. Waliposafiri, walibeba mateke, na pia walibeba kwata: mistari iliyonyooka, makelele, adhabu ya kikundi kizima kwa kosa la mmoja. Hapa kwetu ilipata udongo mzuri. Sisi ni watu waliolelewa kwa kupiga magoti kwenye kokoto na kuruka kichura kuzunguka uwanja kwa sababu ya kuchelewa gwaride. Tukiona mtu anateseka, tunadhani anajifunza.

Ndiyo maana pushapu kwenye dojang nyingi za hapa zina kazi mbili kwa wakati mmoja. Umechelewa, piga 20. Umecheka, piga 20. Umesahau kusema "ndio, mwalimu", piga 20. Halafu siku ya mtihani hiyo hiyo adhabu inageuka kipimo. Zoezi ambalo ulilichukia mwaka mzima ndilo linaloamua kama unastahili.

Na kama kweli tunataka kuzungumzia stamina, tuizungumzie vizuri. Pambano la Olimpiki ni raundi zisizozidi tatu za dakika mbili, na dakika moja ya kupumzika katikati. Ndani ya dakika hizo mbili mtu harushi mateke mfululizo. Anadunda, anapima, anadanganya kwa goti, halafu anafyatuka sekunde moja au mbili, kisha anarudi kudunda. Teke la kifuani ni pointi 2, la kichwani 3, na ukilipiga kwa kuzunguka unaongezewa pointi zaidi. Ngumi ni pointi 1 tu. Kwa hiyo mwili unaotakiwa ni ule unaoweza kulipuka, kupoa haraka, na kulipuka tena, zaidi na zaidi kwa miguu na nyonga. Unaujenga kwa kupiga teke kwenye pedi kwa sekunde chache, kupumzika kidogo, kurudia, ukiwa na saa mkononi. Kukimbia kilomita kumi barabarani kila Jumamosi kutakupa pumzi ya kawaida, sikatai, lakini hakutakufundisha kufyatuka. Ila ni Kenya hii. Sisi tunaamini mbio ni dawa ya kila kitu, hata maumivu ya jino.

Hayo ya pushapu na mbio, tuseme, ni kupoteza muda tu. Kuna lingine linalovunja watu.

Kuna msichana tulianza naye, mkanda mweupe kama mimi, mrefu, mwepesi, teke lake lilikuwa linapanda kama moshi. Alikuwa hawezi kupasua msamba hadi chini, na kwetu ilisemwa kwamba bila msamba hakuna mkanda. Jioni moja aliketishwa ukutani, miguu imepanuliwa, mkubwa mmoja akakanyaga paja la kushoto, mwingine la kulia, na wa tatu akamsukuma mgongoni huku sisi wengine tukihesabu kwa Kikorea. Hana, dul, set. Kwenye saba alipiga yowe ambalo si la mazoezi. Msuli wa kinena ulikuwa umechanika. Alipanda ngazi za hosteli kwa makalio wiki mbili, na hakurudi tena. Waliobaki tuliambiwa kwamba alikuwa laini. Mimi pia nilihesabu. Hiyo siisahau.

Msuli una akili yake. Ukiuvuta ghafla kuliko ulivyozoea, unajikaza ili ujilinde, na ukiendelea kuuvuta ukiwa umejikaza, unachanika. Kunyoosha ni kazi ya miezi, mwili ukiwa umepata joto, na anayeamua kiasi ni mwenye mguu. Tena msamba wa sakafuni haukupi teke la kichwani. Hakuna mtu chini anayekuinulia mguu kwenye pambano. Unauinua mwenyewe, kwa nguvu ya nyonga na tumbo, ukiwa umesimama kwa mguu mmoja. Nimeona watu wanaolala sakafuni kama bango la sarakasi lakini wakisimama teke linaishia mbavuni.

Na ule mguu unaobaki chini, nani huuangalia? Kwenye dollyo chagi, lile teke la kuzungusha, mguu wa kusimamia lazima ugeuke kwenye kidole, kisigino kielekee unakopiga. Usipogeuka, goti ndilo linalosokotwa badala yake. Tulipiga mateke hayo mamia kwa jioni, miguu mitupu kwenye simiti ya ukumbi wa mtaa, na kwa mwaka mzima nilirekebishwa kisigino mara mbili. Pushapu zilihesabiwa moja moja.

Najua jibu litakalokuja. "Hawa vijana wa siku hizi wanataka mkanda mweusi kwa M-Pesa." Na ni kweli kuna vilabu vinavyouza mikanda kama skafu za Gikomba. Sisemi mtihani uwe rahisi. Nasema uwe mgumu mahali ambapo mchezo wenyewe ni mgumu. Niambie nipige teke kumi za polepole kila mguu bila kushika ukuta. Niweke raundi tatu na mtu anayenizidi uzito. Niambie nipige ubao kwa teke la nyuma mara moja, bila nafasi ya pili. Nikianguka hapo nitakubali na kurudi nyumbani kimya, maana nitajua nimekosa nini na nitajua cha kufanya kesho. Lakini kuniangusha kwa pushapu ni kama kumnyima mtu leseni ya gari kwa sababu hawezi kulisukuma.

Na ugumu wa uongo una mlango wake, na kuna watu hauwafungulii kamwe. Mwaka wangu wa mwisho pale, kabla sijaondoka chuo, klabu ilikuwa na darasa la watoto wa mtaani Jumamosi. Mama mmoja alikuwa anamleta mwanawe, mwenye genge la mboga pale kona, umri kama arobaini na kitu, mwili wa kutosha. Alikuwa anakaa nyuma kwenye benchi, mkoba wa mtoto mapajani, na mikono yake ilikuwa inafuata poomsae bila yeye kujua. Alishaijua yote. Siku moja akajikaza, akamwendea kocha.

"Mwalimu, na mimi naweza kuanza?"

Kocha alimwangalia kutoka juu hadi chini, akatabasamu vizuri kabisa. "Mama, anza na kukimbia kwanza. Ukipunguza kama kilo kumi, uje tuongee."

Akasema asante. Akarudi kwenye benchi, na safari hii mikono aliishika pamoja, haikusonga. Jumamosi mbili zilizofuata alimwacha mtoto mlangoni akaenda zake. Ya tatu, mtoto naye hakuja.