Ukungu Unaokula Ukungu Mwenzake

Wiki hii nakuja na udongo kwenye kucha. Si nilichukua hela ya kodi nikanunua mbegu za nyanya, eti niuze miche hapa Mbagala! Ikaota vizuri, mara ikaanza kulala mmoja mmoja, shina limesinyaa pale linapogusa udongo. Kinyausi hicho! Mama mwenye nyumba ananiangalia tu.

Mzee mmoja jirani akaniambia, "Mwanangu, tafuta trikoderma." Kumbe ni ukungu wa kijani unaoishi udongoni. Unajiviringisha kwenye nyuzi za ukungu mbaya, unazitoboa na kuzinyonya. Jamaa anaitwa Weindling aliliandika hilo kule Marekani tangu 1932, sisi tuko bize na dawa za kupuliza!

Ila usidanganyike. Mche ukishalala ndiyo basi tena. Unachanganya na samadi iliyooza vizuri kabla ya kusia, na usimwagie dawa ya ukungu juu yake, utaua askari wako mwenyewe.

Nimesia upya trei mbili, moja ina trikoderma, moja haina. Kodi ni tarehe 30. Mama mwenye nyumba, kama unasoma hapa, shikamoo.