Mafuta kajikataza mwenyewe

Wiki ya pili ya Whole30, wifi yangu alinipigia simu kutoka Leicester: njaa haimwishi, kichwa kinamuuma. Anakula nini? Kuku wa kuchemsha na saladi kavu. Wali, maharage na sukari mlo huo unavikataza kwa siku 30, sawa. Mafuta kajikataza mwenyewe.

Ukishaondoa wali na chapati, shibe itoke wapi? Tena vitamini A, D, E na K mwili hauzifyonzi vizuri pasipo mafuta. Nikamwambia aanze na nusu parachichi, mafuta ya zeituni kwenye mchicha, sardini za kopo. Korosho ruksa, kiganja kimoja. Karanga hapana, maana ni jamii ya kunde. Samli inaruhusiwa, siagi hapana.

Tulibishana kwenye tui. Soma kopo: nazi na maji, basi. Yale ya boksi, ya kunywa, mengine yametiwa sukari. Na hata tui safi mafuta yake ni ya kupandisha kolesteroli mbaya, na mama yake tulimzika kwa maradhi ya moyo. Kwa hiyo mchuzi wa nazi Jumapili tu, siku nyingine zeituni. Alinuna kidogo. Mpemba na nazi yake!