MLANGO WA RIZIKI: Kabla ya Kununua Lori Lako

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Mwezi huu tumeonelea tujibu swali linaloulizwa mara nyingi na vijana wetu wanaofanya kazi katika maghala ya Eastern Creek, Huntingwood na Erskine Park: je, inafaa mtu aache kazi ya kuajiriwa, anunue lori na kuwa dereva wa kujitegemea? Jawabu letu ni kwamba biashara hii ni halali na ina heshima. Lakini ina masharti yake, na asiyeyajua huweza kupoteza lori, nyumba, na wakati mwingine roho yake au ya mwenziwe.

Kwanza, leseni. Hapa New South Wales, leseni ya daraja la MR hupewa aliyekwisha kuwa na leseni ya gari dogo kwa mwaka mmoja. HR, kwa miaka miwili. Anayetaka HC, yaani kuvuta tela kubwa, sharti awe na MR au HR kwa mwaka mmoja. Kungoja huko si hasara. Ndio wakati wa kuendesha lori la mwingine, kuzijua njia na kuweka akiba.

Pili, namba ya biashara, ABN. Namba hii hutolewa bure na serikali. Anayekudai ada anakuuzia kisichouzwa. Wako waajiri wanaomwambia dereva, "Chukua ABN, nitakulipa zaidi." Jihadhari. Ikiwa lori ni lake, saa ni zake, na huwezi kumtuma mtu mwingine mahali pako, huenda wewe ni mwajiriwa tu, hata karatasi ikisema vingine; na sheria ya kazi ya 2009 inamkataza mwajiri kumvika mwajiriwa joho la mkandarasi. Anayekubali hila hiyo hukosa likizo ya malipo, na pia akiba ya uzeeni, ambayo tangu Julai 2025 ni asilimia 12 ya mshahara.

Mapato ya biashara yakifikia dola 75,000 kwa mwaka, ni lazima kujiandikisha kwa GST. Hapa ndipo wengi huteleza. Ankara ya dola 1,100 ina dola 100 za serikali ndani yake. Fedha hiyo si yako, ni amana. Iwekwe katika akaunti ya peke yake hadi siku ya kupeleka hesabu ya BAS. Stakabadhi za dizeli, matairi na matengenezo zihifadhiwe kwa miaka 5. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tena usitaje bei kabla ya kuhesabu ushuru wa barabara: katika M7 lori hulipa mara tatu ya gari dogo.

Tatu, saa za kazi. Kwa lori la zaidi ya tani 12, utaratibu wa kawaida ni huu: dereva aliye peke yake asifanye kazi zaidi ya saa 12 katika saa 24, na apate saa 7 za mapumziko mfululizo, gari likiwa limesimama. Asipitishe saa 5 na robo bila kupumzika angalau robo saa. Akifanya kazi zaidi ya kilomita 100 kutoka kituo chake, hubeba daftari la kazi. Kwa mkaazi wa Blacktown, Port Botany na Wollongong zimo ndani ya mpaka huo. Newcastle na Canberra ziko nje. Kuandika saa za uongo katika daftari hilo ni kosa mbele ya sheria na ni uongo mbele ya Mola.

Robo saa hiyo inatosha kwa udhu na sala, na msafiri ana ruhusa ya kupunguza sala. Mwezi wa Ramadhani, usingizi unapokatwa na tarawehe na daku, msafiri ana ruhusa pia ya kufungua na kulipa baadaye. Hakuna thawabu katika kusinzia ukiwa umeshika usukani kwenye barabara ya Hume. Na mteja akikulazimisha kufika Melbourne kwa saa zisizowezekana, ujue kuwa tangu Oktoba 2018 sheria inamshika yeye pia, pamoja na mpakiaji na mpangaji wa safari.

Nne, mizani. Walioendesha baina ya Mombasa na Kampala wanaijua mizani ya Mariakani. Hapa kuna vituo vya Marulan na Mount White. Uzito wa jumla unaweza kuwa sawa, na bado kundi moja la ekseli likazidi. Kontena lisiondoke bandarini bila karatasi ya kutaja uzito wake. Kuondoka bila hiyo ni kosa.

Mwisho, deni. Lori la mkopo wa riba linalotegemea mteja mmoja ni msiba unaongoja siku yake: mteja akiondoka, deni halindoki. Afadhali lori la zamani lililo zima, lililonunuliwa kwa akiba, au ushirika wa ndugu wawili wenye mkataba ulioandikwa. Anayehitaji fedha zaidi amwulize sheikh kuhusu murabaha, na mhasibu kuhusu hesabu zake. Na kila mteja akupe mkataba wa maandishi wenye siku ya malipo na muda wa notisi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqarah 282, yahusu kuandikiana. Basi tusione haya kumwomba hata rafiki atie sahihi.

Mwenyezi Mungu awalinde madereva wetu barabarani na awarudishe salama kwa watoto wao. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam.