Betri mbili botini? Basi zitenganishe!

Leo naomba tuache kidogo habari za programu na seva, tuzungumzie betri. Ninaishi Milimani, hapa Kisumu, na ukishajulikana kwamba unaelewa mambo ya kompyuta, watu huamini unaelewa kila kitu chenye waya. Ndiyo maana wenye boti wa Hippo Point na Dunga huniuliza swali lilelile: "Ndugu yangu, nina betri mbili, nizifungeje?" Nimelijibu mara nyingi mno, kwa hiyo nimeamua kuliandika mara moja.

Msimamo wangu ni huu: betri ya kuwasha injini isiguswe na kitu kingine chochote, na kila betri iwe na chanzo chake cha chaji. Mafundi wengi hawakubaliani nami. Sawa, lakini nisikilizeni kwanza.

KWA NINI MBILI?

Betri ya kuwasha injini (hii tunayoiita betri ya gari) ina sahani nyingi nyembamba. Kazi yake ni kutoa umeme mwingi sana kwa sekunde chache, stata izunguke, basi. Ukiitumia kuwasha taa usiku kucha ikaisha, kisha ukarudia hivyo kila wiki, utaiua mapema. Betri ya matumizi (wengi huiita betri ya sola) ina sahani nene. Hiyo hutoa umeme kidogokidogo kwa saa nyingi bila kulalamika.

Hizi ni kazi mbili tofauti. Sisi waandishi wa programu tuna kanuni ya zamani: programu mbili zisizohusiana usiziache zile kutoka sahani moja, maana moja ikianguka itaivuta na nyingine. Kwenye kompyuta hasara yake ni kuwasha mashine upya. Ziwani ni jambo jingine kabisa. Usiku upepo hutoka nchi kavu pande zote na kukutana juu ya maji yenye joto, na ndiyo sababu dhoruba za Ziwa Victoria hupenda usiku na alfajiri. Huku kwetu Kisumu mvua ya ngurumo huja sana alasiri. Sasa fikiria uko katikati ya ghuba ya Winam, abiria sita, wingu jeusi linakuja, unabonyeza kitufe na stata inasema "tik". Betri imeisha kwa sababu ya muziki na taa!

Utaniambia utavuta kamba. Kwa injini ndogo ya nguvu farasi 15, sawa. Injini kubwa za kisasa nyingi hazikupi nafasi hiyo.

SWICHI YA NJIA NNE

Boti nyingi hufungwa swichi ya kuzungusha: betri ya kwanza, ya pili, zote mbili, au zima. Ni rahisi na imara. Shida yake ni binadamu. Ukiwa safarini unaweka "zote mbili" ili injini ichaji kotekote. Ukifika na kutia nanga, unatakiwa ukumbuke kuirudisha. Usipokumbuka, taa na redio zinakula betri zote mbili kwa pamoja, na asubuhi huna hata moja.

Nimeandika programu kwa miaka mingi, na kuna jambo moja ninaloliamini kuliko yote: mfumo unaotegemea mtu akumbuke kitu kila siku utaanguka siku ambayo mtu huyo amechoka. Na mtu wa boti huchoka saa kumi alfajiri, yaani saa ileile anayoihitaji injini.

RILEI NA DAYODI

Wengine hufunga rilei inayosoma volti. Injini ikichaji na volti zikapanda kufikia kama 13.3 au zaidi, inaziunganisha betri. Zikishuka kufikia kama 12.8, inazitenganisha. Si kifaa kibaya, na kwa betri mbili za risasi na asidi kinafanya kazi vizuri. Lakini siku hizi watu wanabadilisha betri ya matumizi kuwa ya lithiamu, na hapo hesabu inavurugika. Betri ya lithiamu-chuma-fosfeti iliyojaa hukaa kama volti 13.3 hata ikiwa imepumzika. Rilei haiwezi tena kujua kama injini inachaji au imezimwa, kwa hiyo betri zinabaki zimeunganishwa kwa saa nyingi na mwenye boti hana habari.

Dayodi nazo hutenganisha bila kukumbushwa, ila zile za kawaida hula kama volti 0.7 njiani. Betri ya risasi inataka karibu volti 14.4 ili ijae. Ukiipa 13.7 inajaa kwa uvivu sana, na kwa safari fupi za huku kwetu haijai kabisa. Betri isiyojaa wiki baada ya wiki huganda sulfeti kwenye sahani zake, kisha inakufa.

NA ILE YENYE PROGRAMU YA SIMU?

Hapa ndipo marafiki zangu wanaponishangaa. Kuna mifumo ya lithiamu inayokuonyesha kila kitu kwenye simu, inavutia kweli. Wananiambia, "Wewe ni mtu wa teknolojia, vipi huipendi?" Naipenda kwa kupima. Siitaki ikae kati ya kidole changu na stata.

Ndani ya betri hizo kuna ubongo mdogo ambao, betri ikiisha au ikipata joto kupita kiasi, hukata umeme wote papo hapo. Ni sahihi kufanya hivyo. Lakini kumbuka kwamba programu ile imeandikwa kuilinda betri, haikuandikwa kukulinda wewe. Haijui kwamba kuna wimbi. Tena ikikata wakati alteneta inazunguka, volti huruka ghafla na zinaweza kuharibu alteneta yenyewe.

WAVUVI WA OMENA WALITUTANGULIA

Cha ajabu ni kwamba huku ziwani jambo hili lina jibu la siku nyingi. Uvuvi wa omena hufanyika usiku wa giza, kwa taa zinazoelea juu ya maji ili zivute samaki. Zamani zilikuwa karabai za mafuta taa. Mwaka 2008 kampuni ya Osram ya Ujerumani ilifungua kituo cha sola pale Mbita, ambako wavuvi walipata taa na betri zilizochajiwa nchi kavu. Baadaye zikaenea taa za LED zenye betri zao wenyewe.

Angalia mpangilio wake: taa ina betri yake, betri imechajiwa na jua, na injini haihusiki hata kidogo. Taa zote zikizimika, mvuvi bado anarudi nyumbani. Sisi wenye boti za matembezi, pamoja na majokofu na spika zetu, ndio tuliounganisha vitu vilivyokuwa vimetengana vizuri.

NINAVYOPENDEKEZA

Injini ichaji betri ya injini peke yake. Injini ndogo hutoa ampea chache tu, ziache zifanye kazi moja. Betri ya matumizi ichajiwe na paneli ya sola, kupitia kidhibiti chaji chake.

Je, jua linatosha? Tupige hesabu. Taa mbili za wati 10 kwa saa 10 ni wati-saa 200. Kitafuta samaki cha wati 10 kwa saa 5 ni 50. Simu mbili, tuseme 30. Jumla 280. Gawanya kwa volti 12 unapata kama ampea-saa 23. Betri ya risasi usiitumie zaidi ya nusu, kwa hiyo unahitaji kama 47. Nunua ya 70 ulale usingizi. Paneli ya wati 100 kwa saa 5 za jua kali ni 500. Toa asilimia 30 inayopotea njiani, inabaki 350. Tuko karibu kabisa na ikweta, jua si tatizo letu.

Hasi za betri zote mbili ziungane, chanya zisikutane. Fyuzi ya betri ya matumizi iwe karibu kabisa na kichwa chake cha chanya. Kisha weka swichi moja ya dharura ya kuunganisha chanya, chini ya kifuniko. Naam, hiyo nayo inaweza kusahauliwa ikiwa imewashwa. Tofauti ni kwamba utaigusa pengine mara moja kwa mwaka, wakati ile ya njia nne unaigusa kila safari.

Mwisho, nunua multimita. Pima betri ya risasi ikiwa imepumzika saa kadhaa: 12.6 au zaidi imejaa, 12.2 ni nusu, chini ya 12 usitoke nayo.

Utasema paneli ni gharama ya ziada. Kweli, ni gharama. Lakini hebu linganisha na bei ya kukokotwa hadi ufukweni na boti ya mwenzio, kama atapita. Na siku magugu maji yameziba ghuba, huenda asipite.

Haya, kesho ukishuka botini fuata waya wa chanya wa betri ya injini kwa kidole, hadi mwisho. Ukikuta umeenda kwenye redio, unajua la kufanya.