Wizi wa Usingizi

Filamu ya Inception ya mwaka 2010, iliyoongozwa na Christopher Nolan, yahusu wezi waingiao katika ndoto za watu. Mkemia wao, Yusuf, anapatikana Mombasa. Chumbani kwake watu hulazwa kwa dawa kila siku, hata ndoto imechukua nafasi ya maisha yao.

Wizi wa namna hiyo upo hata chini ya Milima ya Uluguru. Mkazi wa Morogoro amezaye diazepamu kila usiku bila kuandikiwa na daktari, mwili wake huizoea. Akiacha ghafla, huweza kupatwa na degedege. Dawa hiyo hupunguzwa taratibu, chini ya uangalizi.

Mhudumu wa afya na aulize: "Usingizi wako ukoje?" Mgonjwa asifiche. Kukosa usingizi huenda ni dalili ya sonona, nayo hutibika.